Kilango cha Thelathini na Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi: Cannedo (zamani Hinterried), mkoa wa Bolzano.
Tarehe: Jumatano, 5 Novemba 1930. Yameanza saa nne na dakika kumi asubuhi.
Jina la shahidi: Valburga Fabbri. (Mwenyewe anasema: Walburga Platzgummer.)
Umri: miaka 61. Hali: mjane.
Kazi: mpiga kengele na mtunza makaburi, kanisa la Mtakatifu Kassian.
Makazi: nyumba ya mhunzi, chini ya kanisa.
Kuhusu: kuandikwa upya kwa Kijerumani vibao 34 vya makaburi, kinyume cha amri. Anayeshukiwa kuwafundisha watoto maandishi hayo: Ottilia Gurschler, miaka 23, fundi wa kushona, yuko mahabusu.
Mwandishi: Sajini Meja Calogero Lo Iacono, mkuu wa kituo. Shahidi amesema kwa lugha yake. Mkalimani anaumwa jino, nimeandika mwenyewe.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeapa juu ya Biblia ya kituo, ambayo ina vumbi. Nimeambiwa hilo la vumbi halihusiani na kesi. Nasema liandikwe.

Wananiita Burga. Hilo jina la Valburga Fabbri ni la karatasi. Lililetwa na tarishi ndani ya bahasha miaka mitatu iliyopita, nikaambiwa tangu leo ndilo langu. Nimezaliwa Hinterried na sijahama hata siku moja. Kilichohama ni mpaka. Nililala Austria, vita vikaisha, nikaamka Italia, na kitanda ni kilekile. Basi tukavumilia. Shule ikawa ya Kiitaliano tupu, na mwalimu wa Kijerumani akikamatwa anafundisha hata jikoni kwa mama yake, anapelekwa kisiwani huko kusini. Vibao vya njia panda vikabadilishwa. Mwaka 1927 ikafika zamu ya marehemu, nao wakabadilishwa majina.

Afande, wewe makaburi yetu unayajua, lakini nimeambiwa nieleze yote kana kwamba anayesoma hajawahi kufika. Hatuweki mawe. Tunaweka msalaba wa chuma, na katikati ya msalaba kuna kijisanduku cha bati chenye kilango kidogo. Ukifungua kilango, ndani kuna kibao chenye jina. Karibu misalaba yote ya hapa aliifua mume wangu Vigil, na majina aliyaandika yeye, kwa rangi ya bluu. Alikuwa na mkono mzuri, ingawa vidole vyenyewe vilikuwa vinene.

Amri ilipokuja, bwana Menegon, karani wa manispaa, alileta mchoraji kutoka bondeni. Mchoraji yule alipaka chokaa juu ya majina yote, kisha akaandika mengine kwa rangi nyeusi. Johann akawa Giovanni. Ottilia, bibi yake huyu Ottilia mliyemfunga, akawa sijui nani. Vigil alisimama pale kwenye geti la makaburi na mikono nyuma. Nilimwambia, "Twende nyumbani, mume wangu, utashikwa na baridi." Akanijibu, "Chokaa, Burga. Amepaka chokaa kwenye bati. Mjinga huyo." Akacheka mpaka akakohoa. Sikuelewa kinachomchekesha, nikadhani ni homa.

Alifariki mwezi Machi mwaka 1928. Msalaba wake alikuwa ameshajifulia miaka kumi kabla, kibao akakiacha kitupu. Bwana Menegon akaandika: Vigilio Fabbri. Kwa hiyo miaka miwili na nusu nimekuwa nikipiga magoti mbele ya Vigilio Fabbri. Bwana huyo mimi simjui. Hajawahi kula kwangu, hajawahi kunikoromea sikioni. Hilo nalo liandikwe.

Sasa nakuja kwenye siku zenyewe.

Mnamo tarehe 1 Novemba, Jumamosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, saa sita kamili mchana nilipiga kengele kubwa. Kwa desturi yetu, kengele hiyo ikilia, kila familia inakwenda makaburini na kufungua vilango vya watu wake, ili marehemu watoke waje nyumbani. Nyumbani jiko linaachwa na moto, meza inawekewa mkate na bakuli la maziwa, na hakuna anayefunga mlango kwa kishindo, maana huwezi kujua nani yuko mlangoni. Asubuhi ya Siku ya Marehemu napiga kengele ndogo, wanarudi, tunafunga vilango. Ni usiku mmoja tu. Lakini mwaka huu tarehe mbili iliangukia Jumapili, na Jumapili ni ya Bwana, kwa hiyo paroko akatangaza Siku ya Marehemu imesogezwa hadi Jumatatu. Vilango vikakaa wazi siku mbili. Mzee Romedius, anayelinda mbuzi wa kijiji, alisema, "Safari hii watatumalizia maziwa." Mimi nilifurahi sana. Niliweka bakuli kubwa.

Mnamo tarehe 2 Novemba, Jumapili, baada ya chakula cha mchana, yapata saa nane, ukungu ulishuka kutoka mlimani. Si ukungu wa kuja na kuondoka. Ulishuka ukakaa, kama kuku anayeatamia. Nilipanda mnarani kupaka mafuta mhimili wa kengele, na goti langu likanikatalia kushuka mara moja, nikakaa kwenye dirisha linalotazama makaburi. Nilikuwa na kipande cha mkate mfukoni. Kulikuwa kimya, mpaka nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye misalaba.

Nilishikwa na mang'amung'amu. Sikulala, na sikuwa macho. Ukungu uliingia dirishani ukanikalia mapajani. Nikaona watu wadogo wakitembea katikati ya makaburi, vichwa vyao vimefika kwenye vilango, hawazidi. Walikuwa wanakwenda polepole, wawili wawili, mmoja anachungulia ndani ya kijisanduku, mwingine ameshika kitu. Nikajiambia: hao ndio. Roho zenyewe. Huwa tunawawekea maziwa kila mwaka na hatujawahi kuwaona, leo wamepewa siku ya ziada na wamechelewa kurudi.

Nimeulizwa kama hao walikuwa watoto wa kijiji na majina yao ni nani. Najibu kwamba walikuwa wafupi. Kwenye ukungu ule hata askofu ningemwita mtoto.

Nimeulizwa kama niliwasikia wakisema. Najibu ndiyo. Mmoja alisema, "Toa pua yako hapo, utamchafua babu!" Mwingine akajibu, "Si babu yako, ni babu yangu! Babu yako yule kule, mwenye kutu!" Kisha wakasukumana. Sikujua kwamba roho nazo zinagombana. Afande anacheka. Andika kwamba umecheka.

Halafu nikamwona mume wangu. Alikuwa amevaa aproni yake ya bluu, na mkononi kikopo cha mafuta. Anapita kwenye misalaba anajaribu bawaba za vilango, kimoja kimoja, anasikiliza kama zinalia. Zilikuwa hazilii. Akafika kwake mwenyewe akasimama, akasoma, akakuna kichwa. Akaniinulia macho kule juu. "We Burga, umeninunia?" akaniuliza. Nikamwambia, "Nikununie kwa lipi, mwanaume wewe?" Akasema, "Mbona basi huniiti?" Nikamwambia, "Nakuita kila siku, jioni na asubuhi, magoti yameisha." Akasema, "Humwiti Vigil. Unamwita huyu." Akakigonga kibao kwa kucha. Kilitoa mlio, nimeusikia kwa masikio yangu haya. Kisha nikalala.

Nimeambiwa ndoto si ushahidi. Najibu kwamba nimetakiwa kusema niliyoyaona. Mngetaka niliyoyaona nikiwa macho tu, mngemwita mtu asiye na goti bovu.

Mnamo tarehe 3 Novemba, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi nilipiga kengele ndogo. Misa ikasomwa. Saa moja watu walitoka kufunga vilango, na ukungu bado upo. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Genoveva wa kinuni. "Jamani! Jamani, ni baba! Baba karudi!" Tukakimbilia. Ndani ya kijisanduku, juu ya yale maandishi meusi, kulikuwa na jina la baba yake kwa rangi ya bluu, Johann, limeandikwa vizuri ila limepanda mlima kidogo. Watu wakatawanyika kila mmoja kwa wake. Nikasikia majina yakisomwa kwa sauti kutoka kila upande, mtu simwoni, sauti tu. Kreszenz. Alois. Jakob. Romedius alivua kofia, akasimama mbele ya mkewe, akasema, "Salama, bibi wewe?" Kisha akaanza kulia, mzee yule ambaye hata mbuzi zake walipochukuliwa na maporomoko ya theluji hakulia. Na mimi nililia. Sioni aibu.

Saa mbili kasoro alifika bwana Menegon na mwavuli wake. Alizunguka kila kilango kilichokuwa wazi, anahesabu kwa kidole. Thelathini na nne. Akafoka, "Hata wafu wenu wabishi!" Romedius akamwambia, "Ndiyo, bwana karani, na kwa bahati mbaya hawapigwi faini." Menegon akasema mwandiko ni wa kitoto, ila hizi ni herufi za kizamani za Kijerumani, na hakuna mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili anayepaswa kuzijua, kwa hiyo kuna anayefundisha. Akaja kwako. Saa nne asubuhi ileile mkamchukua Ottilia nyumbani kwangu.

Nimeulizwa Ottilia alikuwa anafanya nini nyumbani kwangu. Najibu kwamba Ottilia ni kiguu na njia. Ndiyo kazi yake. Anabeba cherehani yake mgongoni, anakaa nyumba hii siku mbili, ile siku tatu, anashona nguo za wenyeji, analala hapohapo na anakula hapohapo, kisha anahamia kwingine. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Hata nyumbani kwako, afande, ameshona.

Nimeulizwa kwa nini siku ya Alhamisi watoto tisa huingia nyumbani kwangu kukiwa na Ottilia, na hutoka baada ya muda wa saa mbili. Najibu kwamba wanapimwa. Nimeulizwa kama wanapimwa kila Alhamisi. Najibu kwamba watoto wa Hinterried wanakua haraka sana.

Nimeonyeshwa vipande sita vya chaki vilivyokutwa kwenye mfuko wa aproni ya Ottilia. Najibu kwamba hiyo ni chaki ya kuchorea kitambaa kabla ya kukata, kila fundi anayo. Nimeulizwa kwa nini meza yangu imeonekana na weupe wa chaki uliofutwafutwa. Najibu kwamba mezani ndipo panapokatiwa kitambaa, au nyie huko kwenu mnakatia wapi?

Afande, hapa naomba niseme bila kuulizwa. Msichana yule ana kifua kibovu. Wewe umemsikia akikohoa usiku huu wa pili katika chumba chenu kisicho na jiko. Mkimpeleka kisiwani hatamaliza mwaka. Mnasema miaka mitano. Hiyo minne iliyobaki mtampa nani? Ana mama kipofu. Mimi nampenda kama mwanangu, na mwanangu sikupata. Nimesema, nimemaliza.

Nimeulizwa tena: kama si Ottilia, nani kawafundisha hao waandishi kuandika herufi zile. Najibu kwamba hakuna aliyehitaji kufundishwa. Na hapa ndipo nilipoelewa kicheko cha Vigil. Chokaa ikikauka ni nyeupe, haionyeshi kitu. Ikilowa, inaonyesha kilicho chini yake. Mchoraji wenu alitoka bondeni kwenye jua, alipaka chokaa ya bei rahisi juu ya bati, mahali ambapo ukungu unalala siku mia kwa mwaka. Kila ukungu ukishuka, majina ya zamani yanachungulia kutoka chini, taratibu, kama samaki anayekuja juu ya maji. Tangu mwaka ule mimi nayaona. Kijiji kizima kinayaona. Asiyeyaona ni bwana Menegon, kwa sababu yeye kukiwa na ukungu hatoki nje. Jumapili ile majina yalikuwa juu kabisa. Anayeshika brashi ni kufuatisha tu, bluu juu ya bluu. Hata asiyejua kusoma angeweza. Nenda na ndoo ya maji, ujaribu mwenyewe.

Nimeulizwa rangi na brashi zilitoka wapi. Najibu kwamba ni za Vigil. Kopo lilikuwa kwenye karakana yake, na ufunguo wa karakana unaning'inia kwenye msumari nje ya mlango wangu, miaka thelathini na minane sasa.

Nimeulizwa kuhusu kibao cha mume wangu. Afande amesema: mumeo alifariki baada ya amri, kibao chake kilikuwa kitupu, chini ya maandishi ya serikali hakuna jina la zamani la kufuatisha, lakini leo kimeandikwa Vigil Platzgummer, mhunzi, na mwandiko wake haukupanda mlima. Nani kaandika?

Haya, liandikwe.

Ni mimi. Niliposema nililala, sikulala. Nilishuka zile ngazi kwa makalio, moja moja, kwa sababu ya goti. Nilifika kwa Vigil. Alikuwa hayupo tena, ila kilango kilikuwa kinacheza. Mmoja wa wale wafupi alikuwa karibu. Nikanyoosha mkono, naye akanipa brashi bila neno. Nikaandika. Nilipomaliza nikamwita kwa jina lake. Nilimwita mara tatu. Kama mlitaka mkosaji, ni mimi hapa. Mwachieni Ottilia, mnipeleke mimi huko kisiwani, mimi nimeshaishi, na nasikia kuna jua, goti litapona.

Nimeulizwa kama kuna kingine nilichoficha. Najibu kwamba kipo, na si changu. Nimekumbushwa kiapo. Basi nasema.

Bwana Menegon alihesabu vilango vilivyokuwa wazi. Vilivyoandikwa ni thelathini na tano. Cha thelathini na tano kilikuwa kimefungwa, ndiyo maana hakukiona. Ni kile kidogo, pembeni ya ukuta, chini ya kichaka cha mrujuani.

Nikiwa bado nimepiga magoti kwa Vigil, mwanamke mmoja alikuja kutoka kwenye ukungu. Alikuwa amejitanda shali ya kijivu. Hakuwa wa kwetu, na si katika ndoto. Alisimama nyuma yangu akitazama nilivyoandika. Kisha akanyoosha mkono, vilevile kama mimi nilivyonyoosha. Nikampa brashi. Akaenda kwenye kile kidogo, akakifungua mwenyewe. Chini ya jina lililokuwamo hapakuwa na jina lingine la kufuatisha, kaburi ni la mwaka jana. Aliandika kwa kichwa chake. Alipomaliza akatoa kitu mfukoni, akakiweka ndani, akafunga.

Nimeulizwa mwanamke huyo ni nani. Najibu kwamba kuna mambo mtu hamwambii mwenzake, anamwachia akayaone.

Nimeulizwa aliandika nini. Najibu kwamba jina la karatasi ni Annunziata, lile mlilomzikia. Yeye aliandika lile alilokuwa akimwitia kisimani. Lina herufi tano.

Afande ameweka kalamu chini. Andika na hilo, afande. Haya basi, usiandike. Lakini nenda. Tangu siku ya mazishi hujafungua kilango kile, mimi ndiye ninayefagia pale, najua.

(Maelezo yamesimamishwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Yameendelea saa sita na dakika tano mchana. S.M. Lo Iacono.)

Afande amerudi. Viatu vyake vimelowa na kidole gumba chake kina bluu. Ameniambia nisiseme hilo. Nimeshasema.

Ameniuliza kama yule mwanamke alikuwa analia. Najibu hapana. Alikuwa anaimba.

Ameniuliza wimbo gani. Najibu kwamba maneno sikuyaelewa, hayakuwa ya Kiitaliano kile cha shuleni na cha kwenye matangazo. Ni maneno ya huko kwenu, Sisilia. Wimbo wenyewe naujua kwa sauti. Ulikuwa ukiuimba wewe hapo kibarazani mwezi ule mtoto alipokuwa mgonjwa, ukimbeba begani, unatembea kwenda na kurudi. Kijiji kizima tulikuwa tunasikia. Tulikuwa tunafungua madirisha.

Ameniuliza kama ninajua alichoweka ndani. Najibu ndiyo, ni mwanasesere wa sukari. Aliniambia mwenyewe kisimani mwaka huu, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Kwao, siku hiyo, marehemu ndio wanaowaletea watoto pipi. Watoto wanaamka na kuzitafuta chini ya kitanda. Akaniuliza, na kama mtoto ndiye marehemu, nani anamletea? Nilimshika mkono, ulikuwa una povu la sabuni.

Nasema jambo la mwisho, halafu niende nikale. Bi Rosaria, mkeo, alikosea. Sasa nimelitaja jina, basi, limetoka. Alifungua, akaandika, akaweka pipi, halafu akafunga hapohapo. Hakuna aliyemwambia, na mimi ningemwambia lakini nilikuwa na kilio changu. Kilango hakifungwi mpaka kengele ya asubuhi. Ukifunga mapema, mtu hapati nafasi ya kutoka. Wetu wote walikuja nyumbani mwaka huu, siku mbili nzima, na maziwa wamemaliza, au paka kamaliza, sijali. Yule mdogo wenu bado yumo ndani. Mwaka jana hakuja, na mwaka huu hakuja.

Kengele iko kwangu. Siku rasmi imepita, najua, lakini paroko haamki kabla ya saa kumi na moja na nusu, na mimi naweza kupiga kesho asubuhi saa kumi na moja, mara moja tu, kidogo. Sitamwambia mtu ni ya nani.

Niliyoyaona, niliyoyaota na niliyoyatenda yote yamo humu, sikupunguza ila pale nilipopunguza mwanzo, na hapo nimeparudisha. Nimesomewa kwa lugha yangu. Ni maneno yangu.

Saini ya shahidi: Burga Platzgummer, mke wa Vigil

MAELEZO YA AFISA

Shahidi amekataa kutia saini kwa jina la daftari. Saini imepokelewa kama ilivyo. Ameomba neno "vumbi" lisifutwe, halikufutwa.

Nimekagua makaburi mwenyewe leo, kati ya saa tano na nusu na saa sita mchana, nikiwa na ndoo ya maji. Vibao vilivyoandikwa upya ni 35, si 34. Katika vibao 33, jina la awali linaonekana wazi chini ya chokaa ikilowa, na mtu yeyote anaweza kulifuatisha bila kufundishwa. Waandishi hawakutambuliwa, kwa sababu ya ukungu. Ushahidi wa kufundisha haukupatikana. Kibao kimoja kiliandikwa na shahidi, amekiri, amepewa onyo la mdomo. Kibao kimoja mwandishi wake anafahamika kwangu.

Chaki sita ni za kushonea. Zimerudishwa kwa mwenyewe. Ottilia Gurschler ameachiwa saa saba kamili mchana na cherehani yake. Kwa sababu ya kifua chake, askari amembebea mpaka nyumba ya mhunzi.

Amri inataka vibao vyote vifutwe bila kubagua. Siwezi kufuta thelathini na nne na kuacha kimoja, na kile kimoja sitakifuta. Kwa hiyo havikufutwa. Nimeandika hivi nikijua nani atasoma.

Ndani ya kijisanduku cha thelathini na tano kuna mwanasesere wa sukari, ameanza kuyeyuka upande wa kushoto. Sikumchukua kama kielelezo. Kilango nimekiacha wazi hadi kengele ya kesho asubuhi. Nyumbani nimeagiza jiko lisizimwe, na maziwa yawekwe mezani.

S.M. Calogero Lo Iacono, mkuu wa kituo